Mtungi wa shaba mbele ya mahakama: mapitio ya mazingira ya mradi wa Forsmark, Uswidi

Tarehe 23 Januari 2018 serikali ya Uswidi ilipokea maoni mawili kuhusu mradi mmoja. Mamlaka ya Usalama wa Mionzi ya nchi hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama SSM, ilishauri kwamba mradi wa kuzika taka za nyuklia chini ya mwamba huko Forsmark ukubaliwe. Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya Nacka, iliyokuwa imeusikiliza mradi huohuo, ilishauri siku hiyohiyo kwamba usikubaliwe mpaka mwombaji alete ushahidi zaidi. Pande zote mbili zilikuwa na kabrasha moja mbele yao, na zote zilikiri kwamba yapo mambo kuhusu mitungi ya shaba ya kuhifadhia taka hizo ambayo bado yalihitaji kuchunguzwa. Kilichozitenganisha ni swali la wakati: jambo ambalo halijajulikana sawasawa laweza kuachwa lijibiwe katika hatua za baadaye, au lazima lijibiwe kabla ya mtu yeyote kuambiwa kwamba anaruhusiwa kuanza? Kila nchi inayotaka kupima athari za mradi wa aina hii kwa mazingira hukutana na swali hilo, na sijui kisa kingine ambapo liliulizwa waziwazi kiasi hiki.

Tuanze na mradi wenyewe. Mwombaji ni SKB, kampuni inayomilikiwa na makampuni ya vinu vya nyuklia vya Uswidi na iliyokabidhiwa kazi ya kushughulikia taka zao. Njia yake, iliyowasilishwa mwaka 1983 kwa jina la KBS-3, ni kuifungia fueli iliyokwisha kutumika ndani ya mitungi, kuishusha mitungi hiyo kama mita 500 chini ya ardhi, kuizungushia udongo wa bentonaiti ambao huvimba ukilowa na hivyo kuzuia maji yasitembee, kisha kuyafukia mahandaki yote. Mtungi mmoja una urefu unaokaribia mita 5 na upana wa zaidi kidogo ya mita 1. Ndani una kiini cha chuma cha kusubu kinachoupa nguvu ya kuhimili mgandamizo, na nje una gamba la shaba lenye unene wa sentimita 5. Ukishajazwa hufikia uzito wa tani 25 hivi. Mpango ni kuzika mitungi ipatayo 6,000, yenye fueli ya takribani tani 12,000, katika mahandaki ambayo yakiunganishwa yanazidi kilomita 60. Kazi iliyobebeshwa shaba hiyo ni nzito kuliko yote: kukaa bila kutoboka kwa muda wa miaka 100,000, ambao ndio unaohitajika ili sumu ya mionzi ya fueli ishuke hadi kukaribia ile ya madini ya urani yaliyochimbwa mwanzoni kuitengeneza. Katika muda huo inatarajiwa kwamba barafu nene kama milima itaifunika nchi hiyo na kuyeyuka, pengine zaidi ya mara moja.

Kabla ya kufika Forsmark, Uswidi ilijifunza kwa taabu kwamba mwamba mzuri hautoshi. Miaka ya 1970 na 1980 uchimbaji wa majaribio ulifanyika mahali pengi nchini, na katika sehemu kadhaa wakazi waliuzuia kwa miili yao. Huko Kynnefjäll, magharibi mwa nchi, watu walijenga kibanda kando ya barabara wakaweka zamu ya ulinzi usiku na mchana kuanzia mwaka 1980, na hawakuiondoa mpaka mwaka 2000, walipohakikishiwa kwamba mlima wao hautachimbwa. Mwaka 1992 SKB ilibadili mwendo na kuziandikia manispaa zote ikiomba zile zitakazokubali kwa hiari. Storuman na Malå, za kaskazini, ziliruhusu uchunguzi wa awali, kisha wananchi wake wakapiga kura ya maoni, ya kwanza mwaka 1995 na ya pili mwaka 1997. Kote wengi walikataa, na kampuni ikaondoka. Mwishowe zilibaki manispaa mbili ambazo tayari zilikuwa zinaishi na vinu vya nyuklia: Oskarshamn upande wa kusini, na Östhammar, ambako ndiko Forsmark iliko, kwenye pwani ya Baltiki kaskazini ya Stockholm. Uchunguzi wa kina ulianza mwaka 2002, na mwaka 2009 SKB ikaichagua Forsmark kwa sababu mwamba wake wa chini una nyufa chache na karibu ni mkavu. Ukavu huo, kama tutakavyoona, ulileta swali lake.

Maombi yaliwasilishwa tarehe 16 Machi 2011, siku tano tu baada ya tetemeko na mawimbi yaliyokiangamiza kituo cha Fukushima nchini Japani. Yalipelekwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kwa kuwa sheria za Uswidi zinataka mradi kama huu upimwe mara mbili. Sheria ya Shughuli za Nyuklia iko mikononi mwa SSM, na inatazama usalama wa nyuklia na kinga dhidi ya mionzi. Sheria kuu ya mazingira, iliyoanza kutumika mwaka 1999, iko mikononi mwa mahakama ya mazingira, ambamo majaji wa sheria huketi pamoja na majaji wenye utaalamu wa kiufundi. Hakuna kati ya hao wawili aliye na neno la mwisho. Wote huishauri serikali kuu, nayo ndiyo inayoamua kama mradi unakubalika, baada ya kuuliza jambo la tatu: baraza la madiwani la manispaa husika linasemaje? Manispaa ina kura ya turufu. Sheria imeacha mlango mdogo wa kuipita kura hiyo katika hali za pekee, lakini kwa miaka yote hiyo mipango yote iliendeshwa kwa kuamini kwamba manispaa ikikataa, basi.

Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyoambatana na maombi hayo ilitanguliwa na mashauriano ya miaka minane, kutoka mwaka 2002 hadi 2010. Huu ni muda mrefu, lakini muda peke yake hauthibitishi kitu. Wakazi wanaweza kuitwa kwenye mikutano mia moja wakatoka na mkate na chai tu, ikiwa kila swali lao linajibiwa na mtaalamu wa mwombaji na hakuna mtaalamu mwingine ukumbini. Jambo lililoleta tofauti ni fedha. Uswidi ina mfuko wa taka za nyuklia unaojazwa kwa ada ambayo wenye vinu hulipa kwa kila kipimo cha umeme wanachozalisha. Kutoka mfuko huo manispaa zililipiwa gharama za kuajiri washauri wao, kufuatilia utafiti na kuwaelimisha wakazi. Na kuanzia mwaka 2005 mashirika ya mazingira nayo yalipata ruzuku ya kufanya ukaguzi wao. Ndivyo MKG, chombo cha mashirika hayo cha kukagua masuala ya taka za nyuklia, kilivyoweza kusoma ripoti za kikemia za mwombaji mstari kwa mstari kwa zaidi ya mwaka mmoja au miwili. Msomaji wa Kenya aliyefuatilia mpango wa kinu cha nyuklia ambao wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliupinga mwaka 2024 angefaa kulitazama jambo hili kabla ya mengine yote: nani analipa ili upande usio na maabara uweze kuuliza swali la kimaabara?

Swali lenyewe lilizaliwa mapema, na halikuzaliwa serikalini. Mwaka 1986 mtafiti Gunnar Hultquist wa taasisi ya teknolojia ya KTH, Stockholm, aliandika kwamba aliona shaba ikitoa haidrojeni ndani ya maji safi yasiyo na oksijeni. Kwa kawaida kemia inafundisha kwamba shaba katika maji ya namna hiyo hutulia, haiguswi, na nguvu yote ya njia ya KBS-3 imesimama juu ya utulivu huo: kule chini kabisa, oksijeni ikishakwisha, hakuna kitu cha kuila shaba isipokuwa salfaidi, yaani kemikali ya salfa, iliyomo kidogo katika maji ya ardhini. Kwa miaka mingi andiko hilo halikutiliwa maanani. Mwaka 2007 Hultquist na mwenzake Peter Szakálos walilirudia dai hilo kwa majaribio mapya, na safari hii likasikika. SKB iligharimia majaribio ya kulipima, yakiwemo yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Uppsala, ambako watafiti hawakuiona shaba ikiendelea kulika kama ilivyodaiwa. Mabishano hayakuisha, kwa sababu kila upande ulikuwa na vipimo vyake na sababu zake za kutoviamini vya mwenzake.

Mahakama ilipoketi kwa wiki tano mwezi Septemba na Oktoba 2017, hoja hizo zilitolewa hadharani. Watafiti walioikosoa shaba walipewa nafasi ya kusema mbele ya majaji sawa na wataalamu wa SKB na wa SSM, na baadhi ya vikao vilipelekwa Östhammar na Oskarshamn ili wakazi wasikie kwa masikio yao. Katika maoni yake ya Januari 2018 mahakama haikuibeza kazi ya mwombaji. Iliikubali ripoti ya tathmini ya mazingira kuwa inatimiza masharti ya sheria, na haikuwa na ugomvi na mwamba wa Forsmark wala na udongo wa bentonaiti. Ilisimama kwenye mtungi, na ikataja njia tano ambazo shaba ingeweza kuharibika na ambazo ushahidi wake ulikuwa haujatosha: kulika katika maji yasiyo na oksijeni, kutobolewa vishimo na salfaidi, kupasuka pale salfaidi inapokutana na mkazo ndani ya shaba, kuwa dhaifu na kuvunjika kirahisi kwa sababu ya haidrojeni kuingia ndani yake, na athari ya mionzi yenyewe katika kuchochea uharibifu huo.

Katika njia ya pili na ya tatu mahakama ilitaja pia kile ambacho wataalamu wanakiita athari ya sauna, na hapa ndipo ukavu wa Forsmark unapogeuka kuwa swali. Mtungi mpya huwa na joto kutokana na fueli iliyomo. Mwamba ukiwa mkavu, bentonaiti haipati maji ya kutosha kuvimba upesi. Katika baadhi ya mashimo huenda ikachukua miaka elfu moja au zaidi kulowa sawasawa. Katika kipindi hicho maji machache yanayopenya yanaweza kulifikia joto la mtungi, yakageuka mvuke na kupanda, yakiacha nyuma chumvi zake. Mtu yeyote aliyewahi kusahau sufuria ya maji ya kisima jikoni mpaka ikakauka anaujua ukoko mweupe unaobaki chini. Swali lilikuwa kama ukoko wa namna hiyo, ukijikusanya juu ya shaba kwa karne nyingi, ungeipa salfaidi na kemikali nyingine mahali pa kuanzia kuila. SKB ilisema hesabu zake zinaonyesha kwamba athari hiyo haitakuwa kubwa. Mahakama ilijibu kwamba haijaonyeshwa ya kutosha.

Tukirudi kwenye tofauti ya mahakama na SSM, ni rahisi mno kudhani kwamba mmoja alikuwa mkali na mwingine mlegevu. SSM iliutumia mwaka baada ya mwaka kuchambua tathmini ya usalama ya SKB, ikiilinganisha na kigezo chake kwamba mtu wa kundi litakaloathirika zaidi asipate hatari inayozidi moja kwa milioni kwa mwaka. Jibu lake lilikuwa kwamba SKB ina uwezo wa kutimiza masharti, na kwamba mambo yaliyobaki yatapimwa katika hatua zinazofuata, kwa kuwa sheria ya nyuklia inampa mdhibiti nafasi ya kusimamisha kazi kabla ya kuchimba, kabla ya majaribio na kabla ya kuanza kuzika. Kwa mwenye jicho la uhandisi utaratibu huo una mantiki. Hakuna mradi wa miaka sabini unaoanza ukiwa na majibu yote. Lakini sheria ya mazingira inamtwisha mwombaji mzigo wa kuthibitisha, na inautaka uthibitisho huo wakati wa kuuliza kama mradi unakubalika. Mahakama ilisema kwamba wasiwasi mkubwa kuhusu kinga iliyo muhimu kuliko zote hauwezi kupelekwa mbele kwa ahadi ya hatua za baadaye.

Mimi naona mahakama ilikuwa na haki, na sababu yangu haitokani na kemia. Hatua za baadaye zina mdhibiti na mwombaji peke yao mezani. Manispaa hutoa neno lake mara moja tu, kabla ya serikali kuamua, na mashirika ya mazingira husikika kwa nguvu pale tu mahakama inapokaa. Kwa hiyo kila swali linaloahirishwa hupita kutoka kwenye meza yenye watu wengi kwenda kwenye meza yenye watu wawili. Hata kama hao wawili ni waaminifu, na sina sababu ya kuwashuku, diwani wa Östhammar aliyeombwa kukubali kwa niaba ya vizazi visivyohesabika alistahili kuliona jibu kabla ya kuinua mkono wake.

Östhammar yenyewe ililielewa hilo haraka. Manispaa hiyo yenye wakazi wapatao 22,000 ilikuwa imepanga kura ya maoni ya wananchi tarehe 4 Machi 2018. Baada ya maoni ya mahakama baraza liliifuta, kwa kuwa isingefaa kuwauliza watu wakubali kitu ambacho majaji walikuwa wametoka kusema hakijathibitishwa. Kulikuwa na jambo la pili katika maoni ya mahakama, ambalo magazeti hayakulipa nafasi kubwa lakini madiwani walilishikilia: ni nani atakayewajibika baada ya mahandaki kufungwa? Kampuni hufa. Mahakama ilitaka lielezwe wazi, na manispaa haikutaka kubaki na mzigo huo siku ambayo SKB haipo. Mwaka 2020 bunge la Uswidi lilibadili sheria ya nyuklia ili dola ichukue wajibu wa mwisho baada ya hifadhi kufungwa, na mabadiliko hayo yalipangwa kuanza kutumika tarehe 1 Novemba mwaka huo. Tarehe 13 Oktoba 2020 baraza la Östhammar lilipiga kura: 38 waliukubali mradi, 7 waliukataa. Oskarshamn, ambako fueli itatiwa ndani ya mitungi, ilikuwa imekubali tangu mwaka 2018.

Wakati huohuo SKB ilikuwa imewasilisha majibu yake kuhusu shaba mwezi Aprili 2019. Mwaka huo pia ilitoa kutoka chini ya ardhi, katika maabara yake ya mwamba huko Äspö karibu na Oskarshamn, vipande vya shaba vilivyokuwa vimezungushiwa bentonaiti na kupashwa joto kwa miaka 20. Kampuni ilisema hali yake ni ile iliyotarajiwa, na kwamba ulikaji ulioonekana ulitokana zaidi na oksijeni iliyokuwemo mwanzoni. MKG ilitazama matokeo hayohayo ikasema sehemu zilizokuwa na joto kali zaidi zimelika kuliko inavyopaswa. SSM iliyapitia na kubaki na msimamo wake. Kesi haikurudishwa mahakamani kwa hoja ya shaba. Ushahidi mpya ulipimwa kwa maandishi, kwa kuombwa maoni ya taasisi mbalimbali. Hili ndilo doa kubwa ninaloliona katika mwenendo mzima. Chombo kilichouliza maswali matano hakikupata nafasi ya kuketi tena na kusema kama yamejibiwa.

Palikuwa pia na msukumo wa namna nyingine. Fueli yote iliyotumika huhifadhiwa kwa muda katika mabwawa ya maji ndani ya mwamba huko Oskarshamn, mahali panapoitwa Clab, na kibali chake kilikuwa cha tani 8,000. Ilionekana kwamba kikomo hicho kingefikiwa karibu na mwisho wa mwaka 2023, na wenye vinu wakaonya kwamba mitambo ingelazimika kusimama. Mwezi Agosti 2021 serikali ililitenga suala hilo na kuliamua peke yake, ikiruhusu tani 11,000. Wengi, pamoja na Östhammar, hawakufurahia kuona vitu viwili vilivyoombwa pamoja vikigawanywa. Nadhani serikali ilifanya vema, kwa kuwa mapitio yanayofanywa huku bwawa likijaa si mapitio huru.

Tarehe 27 Januari 2022 waziri wa mazingira, Annika Strandhäll, alitangaza kwamba serikali imeukubali mradi. Ulirudi mahakamani kwa ajili ya kuwekewa masharti, lakini swali la kukubalika lilikuwa limefungwa, na kilichobaki kilihusu kelele, vumbi, maji na viumbe. Sehemu hii hudharauliwa na watu wanaotazama miaka 100,000 peke yake, nami nisingependa kuipita bila neno. Forsmark ina ardhioevu yenye okidi adimu na vidimbwi wanamoishi vyura wa aina iliyolindwa kisheria, na kuyatoa maji mahandakini kunaweza kukausha makazi yao. Mwombaji alitakiwa kueleza atakavyolinda kiwango cha maji katika vidimbwi hivyo, na vidimbwi vipya vilichimbwa ili vyura wahamie. Kwa chura wa Forsmark, tathmini ya mazingira ilikuwa na kipimo, hatua na mtu wa kuja kuangalia kila majira ya kiangazi.

Mahakama ilitoa kibali chenye masharti tarehe 24 Oktoba 2024, na tarehe 15 Januari 2025 ujenzi ulizinduliwa rasmi kwa kazi za juu ya ardhi. Kwenda chini ni jambo jingine: kabla ya kuyachimba mahandaki yenyewe SKB inapaswa kupeleka ripoti mpya ya usalama kwa SSM na kukubaliwa, na itarudia kufanya hivyo kabla ya majaribio na kabla ya mtungi wa kwanza kushushwa. Mambo yaliyobaki kuhusu shaba yatasomwa katika ripoti hizo, kwenye meza ya watu wawili, wakati ruzuku za mashirika hazitoki tena katika mfuko wa taka za nyuklia na manispaa imekwisha kutoa neno lake.